Kijana wangu anaangushwa kila wakimletea blitzi. Kwotabeki anatokaje hapo?

#1 BabaTatu
Wakuu, salaam. Nipo Columbus, Ohio, mwaka wa 11 sasa. Kijana wangu wa kwanza ana miaka 16 na anacheza futiboli ya Kimarekani shuleni kwao. Ni kwotabeki, yule anayepokea mpira kutoka kwa senta, mchezaji wa katikati mbele, na kuamua uende wapi. Mkono anao. Timu ikikaba eneo anagawa pasi kama peremende. Wakigeuka tu wakakaba mtu kwa mtu na kutuma watu 6 kumfuata yeye, anakuwa mtoto mwingine kabisa.

Ijumaa iliyopita, dauni ya 3, yaani jaribio la 3 kati ya 4 ya kusogeza mpira, zinatakiwa yadi 7. Lainibeka wawili, wale wakabaji wanaosimama nyuma ya wanne wa mbele, wakasogea mpaka wakasimama puani kwa senta. Mpokeaji anayempenda zaidi, wa kulia kabisa, alitakiwa akimbie yadi 15 kisha akate kuingia ndani. Hakuwahi hata kukata. Nilikuwa narekodi kwa simu na video nimeirudia hadi mke wangu amechoka: tangu mpira umtoke senta mpaka mwanangu yuko chini ni sekunde 2 na chembe. Aliponyanyuka kulikuwa na bonge la nyasi limenasa kwenye vyuma vya helmeti, hapa mdomoni. Hakulitoa. Alirudi kwa wenzake nalo vilevile.

Kocha wao anapiga kelele "tupa haraka!" na anaishia hapo. Haraka kwa nani? Wenye kuujua huu mchezo naomba mnifundishe, na mimi nikamfundishe.

#2 Kisu_Butu
Nimekaa siti ya mbele. Wajuzi wanakuja.

#3 Dalali_wa_Gerezani
Mkuu pole na kijana. Sisi wa huku nyumbani tueleze kwanza, blitzi ni nini? Mimi nikiona huo mchezo naona watu wanagongana, wanasimama, wanagongana tena.

#4 Kitasa
Dalali, blitzi ni pale timu inayokaba inapowatuma watu zaidi ya wale 4 wa kawaida kumvamia mwenye mpira. Wale waliotakiwa kubaki nyuma kukaba wanakuja nao.

Sasa BabaTatu, nilicheza miaka 3 kwenye ukuta wa mbele, chuo kidogo Texas, nikilinda makwotabeki wa kila aina. Tatizo la kijana wako ni hesabu, na hesabu hii mtoto wa darasa la 3 anaiweza. Ukuta una watu 5. Wakija 4, kila mmoja ana wake na mmoja anasaidia. Wakija 5, kila mtu na wake. Wakija 6, mmoja anapita bure, hata ukuta ungekuwa wa zege. Kwa hiyo dawa ni kumbakiza mkimbiaji, yule anayesimama karibu na kwotabeki, awe mlinzi wa 6.

Na kuna sheria ya ukuta ambayo kila mlinzi anafundishwa wiki ya kwanza: zuia aliye ndani kwanza. Kama lazima mmoja apite, apite wa nje, kwa sababu njia yake ni ndefu. Wa ndani anafika kabla kijana hajashika mpira vizuri. Kwenye maelezo yako lainibeka wawili walisimama puani kwa senta, maana yake walipita ndani. Hilo ni kosa la ukuta. Usimwonee mtoto.

#5 NahodhaWaLamu
Kitasa, hesabu yako ni sahihi ila umeishia katikati. Ukimbakiza mkimbiaji azuie, umetoa mpokeaji mmoja. Halafu yule aliyepangiwa kumkaba huyo mkimbiaji anaona jamaa haendi popote, na yeye anakuja. Sasa ni 7 kwa 6. Umeongeza mlinzi na bado mmoja anapita bure.

Hesabu ianzie upande wa pili. Wanaoweza kupokea pasi ni 5, ukimtoa kwotabeki. Wanaokaba wako 11. Wakituma 6, wamebaki 5. Tano kwa tano, nyuma hakuna mtu. Huo ndio utajiri wenyewe! Kila mpokeaji yuko peke yake na mkabaji wake, na pale lainibeka alipotoka pamebaki shimo. Mpira unatakiwa uende kwenye shimo.

Kocha Bill Walsh alianza kuujenga mchezo wake Cincinnati mwaka 1970, alipobaki na Virgil Carter, kwotabeki ambaye mkono wake haukuwa wa kurusha mbali. Akapanga pasi fupi zinazokwenda kwa mwendo wa miguu: kwotabeki hatua 3 nyuma, mguu wa tatu ukigusa chini mpira umeshatoka. Baadaye akaenda San Francisco, kwa kwotabeki Joe Montana na mpokeaji Jerry Rice. Mtu anayekuja kwa blitzi anahitaji sekunde 2 na kitu. Slanti, yaani hatua chache mbele kisha unakata kwa mshazari kuingia katikati, haihitaji hata 2.

Kwa hiyo yule mpokeaji wa yadi 15 hakutakiwa kukimbia yadi 15. Alitakiwa aone wale wawili wamesogea, avunje njia yake, akate ndani upesi. Na kijana ajue kwamba mwenzake ataivunja. Wanaita njia ya moto. Wote wawili wanaona kitu kimoja na wanabadilika bila kusemeshana.

#6 BabaTatu
Kitasa, Nahodha, ahsanteni sana. Nahodha, slanti anaijua na anaipenda. Kinachotokea ni hiki: beki wa pembeni anasimama kwa ndani, bega lake liko usawa wa bega la ndani la mpokeaji. Ukikata slanti unamkuta ameshakaa kwenye njia. Mara 2 msimu huu mpira umegonga mikono ya beki. Sasa mtoto anaogopa kuitupa.

#7 MamaWawiliTX
Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Mimi si mtaalamu wa futiboli lakini nimecheza netiboli tangu shule ya msingi Moshi, nafasi ya ushambuliaji, na hapa nina wavulana wawili wanaocheza wote kama wapokeaji. Netiboli ni kukabana mtu kwa mtu mwanzo mwisho. Tulikuwa tunafanya nini? Wawili tunakimbiliana, tunapishana bega kwa bega, karibu kiasi kwamba sketi zinagusana. Wakabaji wetu hawawezi kupita wote kwenye nafasi ile. Mmoja lazima azunguke, na akizunguka ameshaachwa hatua 2. Mpira unakwenda kwa aliyemwacha mkabaji wake.

Nilipoiona huku kwa wanangu nilicheka peke yangu jukwaani. Wapokeaji wawili wanatoka pande tofauti, wanapishana katikati, yadi 5 hivi kutoka mstari ambao mpira unaanzia, karibu sana. Kocha wa mwanangu mdogo anawaambia wapigane viganja wakati wanapishana, mazoezini, ili wazoee kuwa karibu. Hapo slanti huihitaji. Beki asimame ndani, asimame nje, atagongana na mwenzake.

Na wasisimame mbalimbali. Wasimame watatu pamoja kama mafiga. Beki hawezi kumsogelea yeyote bila kumgonga mwingine.

#8 Njoro_Kona
Mama Wawili umenena. Lakini tahadhari, nimechezesha mechi za vijana miaka 4 kama mwamuzi wa pembeni. Kupishana ni halali. Kumsimamia mkabaji wa mwenzio njiani ili umzibe ni kosa, na kwenye NFL, ligi kuu ya mchezo huu, ni adhabu ya yadi 10. Ruhusa ya kugusana huko ni ndani ya yadi 1 tu kupita mstari. Tofauti ya mtu anayekimbia njia yake na mtu anayetafuta kifua cha beki inaonekana machoni: wa kwanza anaangalia mpira, wa pili anaangalia beki. Waambie vijana wako wageuze kichwa kumtazama kwotabeki. Hiyo peke yake imewaokoa wengi mbele yangu.

Na tena, ujanja huo ukishajulikana unauawa. Kumbukeni Super Bowl, fainali ya NFL, ya tarehe 1 Februari 2015, Seattle na New England. Seattle wako yadi 1 kutoka kwenye ushindi, dauni ya mwisho, wapokeaji wawili wamesimama mmoja nyuma ya mwingine upande wa kulia. Wa mbele, Jermaine Kearse, azibe njia. Wa nyuma, Ricardo Lockette, akate slanti nyuma yake. Brandon Browner wa New England akamkamata Kearse palepale mstarini, hakumwacha asogee hata hatua. Njia ikabaki wazi na mwenzake Malcolm Butler akaipita kama mshale, akaudaka. Mchezo ukaisha 28 kwa 24, New England.

#9 Mzee_wa_Rekodi
Njoro, sahihisho dogo. Haikuwa dauni ya mwisho, ilikuwa ya 2, na zilibaki sekunde 26. Ndiyo maana mpaka leo watu wanauliza kwa nini hawakumpa mkimbiaji wao Marshawn Lynch akimbie nao. Mengine yote uko sahihi. Butler alikuwa mgeni msimu ule, hakuna timu iliyomchagua kwenye drafti, ule uchaguzi wa wachezaji wapya wa ligi.

#10 Njoro_Kona
Nimekubali Mzee. Dauni ya 2.

#11 Dalali_wa_Gerezani
Sasa naanza kuelewa, hii ni sawasawa na Leeds ya kocha Bielsa kwenye soka! Kila mtu na mtu wake uwanja mzima. Wakija juu ni balaa, lakini mmoja akiachwa tu hakuna wa kumfunika. Old Trafford Desemba 2020 walikula 6 kwa 2, McTominay alifunga mawili kabla dakika ya 4 haijafika, anapita katikati kama anakwenda sokoni. Beki akimfuata mtu wake pembeni, katikati panabaki uwanja wa ndege.

#12 Kisu_Butu
Dalali umeanza kuleta mpira wetu, karibu. Basi nikuongezee: Atalanta ya Gasperini iliwakaba Leverkusen mtu kwa mtu fainali ya Europa Mei 2024 na ikashinda 3 kwa 0. Kwa hiyo siyo kwamba kukaba mtu kwa mtu ni ujinga. Inategemea una watu gani.

Turudi kwa kijana. Mnasahau kitu rahisi kuliko vyote: kumsogeza mtu kabla mpira haujatoka. Mchukue mpokeaji wa kushoto, mtembeze kwenda kulia, na kwotabeki aangalie beki. Beki akimfuata, ni mtu kwa mtu. Asipomfuata, ni eneo. Umepewa jibu la mtihani kabla ya mtihani.

Halafu kuna hatua ya pili, waliyoifanya Kansas City dhidi ya Philadelphia, Super Bowl ya Februari 2023. Mpokeaji anaanza kutembea kuelekea ndani kama anavuka, mabeki wanaanza kupokezana, kisha anageuka ghafla kurudi alikotoka. Kadarius Toney alibaki peke yake kabisa, hakuna mtu. Baadaye wakairudia upande mwingine, Skyy Moore naye peke yake. Mwaka uliofuata muda wa nyongeza, na San Francisco, ufundi wa jamii hiyohiyo, Mecole Hardman akamaliza mchezo 25 kwa 22.

#13 Kitasa
Kisu, hayo ni ya kocha Andy Reid na kwotabeki wake Patrick Mahomes. Watoto wa miaka 16 ukiwaambia watembee kabla ya snepu, yaani kabla senta hajatoa mpira, nusu ya mara senta anatoa mpira mapema, nusu ya mara mtu wa ukuta anatikisika na unapigwa adhabu. Nimeyaona. Tembeza mtu mmoja, njia moja, basi.

Na bado nasema ukuta kwanza. Mpokeaji akiwa wazi kama Toney na kwotabeki yuko chini, inasaidia nini?

#14 MkongoIowa
Jambo ndugu zangu. Mimi ni wa Uvira, sasa niko Des Moines na familia. Mtoto wa dada yangu anacheza mkimbiaji. Kocha wao ana dawa moja tu ya blitzi na inafanya kazi: skrini. Wanawaacha wale 6 waje, wapite, waone kama wameshinda. Mkimbiaji anajifanya anazuia kidogo, anateleza pembeni, watu 3 wa ukuta wanatoka mbele yake, mpira unarushwa juu ya vichwa vya waliokuja. Nyuma hakuna mtu. Kijana wetu alikimbia uwanja karibu wote mara moja, dada yangu alipoteza kiatu akishangilia. Adui akitaka kuja, mfungulie mlango aingie, wewe utokee dirishani.

#15 NahodhaWaLamu
MkongoIowa, nakuunga mkono nusu. Skrini ya mkimbiaji inawachapa wanaokaba eneo huku wanakuja kwa fujo. Kwenye mtu kwa mtu, mkimbiaji ana mkabaji wake, na huyo anamwangalia yeye tu. Akiteleza pembeni naye yuko pale. Nimeona skrini za namna hiyo zikidakwa na kurudishwa mpaka mwisho.

Kwenye mtu kwa mtu mkimbiaji afanye jingine: atoke kama anaelekea pembeni, lainibeka amfuate, kisha akate ghafla kurudi katikati. Lainibeka mwenye kilo 100 hawezi kugeuka naye. Wazo ni lile la Don Shula, kocha wa Miami, mwaka 1985: mwepesi akabwe na mzito.

Chicago walikuwa wameshinda mechi 12 kati ya 12. Ulinzi wa kocha wao Buddy Ryan, ule unaoitwa 46 kwa namba ya jezi ya beki wao wa zamani Doug Plank, ulikuwa unawavunja watu mifupa. Jumatatu tarehe 2 Desemba wakaenda Miami. Shula akatia mpokeaji wa 3, Nat Moore, akamweka ndani, na Ryan akakataa kubadilisha watu wake. Kwa hiyo mkongwe mwenye mbio anakabwa na watu ambao kazi yao ni kugonga. Dan Marino, kwotabeki wa Miami, alikuwa na mkono wa haraka kuliko mtu yeyote wa wakati wake, mpira ulikuwa umeshaondoka blitzi inapofika. Mapumziko 31 kwa 10. Mwisho 38 kwa 24. Chicago hawakupoteza nyingine msimu wote na kombe walichukua.

Tafuta aliyekabwa na mtu asiyemweza. Kila timu ina mmoja.

#16 Shemeji_wa_Wote
Nyote mnaogopa kurusha mbali. Wakituma kila mtu bila beki wa mwisho, mpige juu! Jets na Raiders, 2019, sekunde 13 zimebaki, Jets wanaongoza, kocha wao wa ulinzi Gregg Williams akatuma blitzi bila mtu nyuma. Kwotabeki wa Raiders Derek Carr akamrushia Henry Ruggs yadi 46, tachidauni, yaani mpira umefika eneo la mwisho, Raiders wakashinda 31 kwa 28. Kocha akafukuzwa kesho yake.

#17 Mzee_wa_Rekodi
Shemeji, ilikuwa Desemba 2020. Ruggs aliingia ligi mwaka huo. Mengine sawa, na kufukuzwa kesho yake ni kweli.

#18 Kitasa
Na Carr alipata muda kwa sababu ukuta ulizuia. Narudia tena na tena.

#19 Shemeji_wa_Wote
Kitasa wewe hata ukialikwa harusini utamsifia aliyeshika mlango.

#20 Kitasa
Asiposhika huingii. 😄

#21 Njoro_Kona
Kwa kuwa Kitasa anatetea ukuta, nawakumbusha kwamba Kenya tulitoa mtu wa ukuta. Rees Odhiambo, mzaliwa wa Nairobi, alitoka Boise State akachaguliwa na Seattle raundi ya 3 mwaka 2016. Mwaka uliofuata akapewa kulinda upande wa kushoto, ule ambao kwotabeki wa mkono wa kulia hauoni. Na kabla yake Daniel Adongo alitoka kwenye raga akaingia Indianapolis mwaka 2013. Watanzania mko wapi?

#22 Dalali_wa_Gerezani
Sisi tuna Hasheem Thabeet, namba 2 kwenye drafti ya NBA 2009. Mwiteni asimame katikati, nani atapita?

#23 MamaWawiliTX
😂 Jamani turudi kwa mtoto wa mwenzetu.

#24 Mzee_wa_Rekodi
Turudi. Nitasema kitu ambacho kitawaudhi wote mliotangulia. Mnazungumza kana kwamba blitzi ndiyo ugonjwa. Super Bowl ya Februari 2025, New Orleans, Philadelphia hawakumletea Mahomes blitzi hata moja. Hata moja. Wanne walewale wa mbele wakamwangusha mara 6 na wakashinda 40 kwa 22. Wakabaki 7 nyuma, hakuna shimo, hakuna njia ya moto. Nahodha, shimo lako lingekuwa wapi?

Upande mwingine mtazameni kocha Brian Flores. Novemba 2021 akiwa na Miami, aliwajaza watu mstarini dhidi ya Lamar Jackson, kwotabeki wa Baltimore, usiku mzima, akashinda 22 kwa 10. Tangu aende Minnesota amezidisha: anawasimamisha 6 au 7 mbele, kila mmoja ana uso wa kuja, halafu mara nyingine wanakuja wote, mara nyingine wanarudi nyuma 3 au 4. Kwotabeki anatupa mpira kwenye shimo aliloliona, kumbe shimo limerudiwa na mwenyewe.

Kinachomwangusha kijana wa BabaTatu ni shaka. Anasimama akijiuliza wanakuja au hawaji. Ile sekunde ya kujiuliza ndiyo mnayoihesabu kwenye video.

#25 NahodhaWaLamu
Mzee, Philadelphia walikuwa na wanne wa mbele ambao shule ya sekondari hawapo. Timu ya vijana inayoleta blitzi inaleta kwa sababu wanne wake hawatoshi. Huwezi kulinganisha. Lakini ya Flores nimeipokea. Mtu akisogea mstarini haina maana anakuja.

#26 BabaTatu
Wakuu mmenipa darasa ambalo hata kwa kulipia nisingepata. Nisimulie tulichofanya jana usiku.

Nina mfuko wa visoda nilikuwa nimewawekea watoto wadogo. Nikachukua 11 vikawa timu yake, nikachukua maharage 11 wakawa wapinzani, tukapanga kwenye meza ya jikoni. Nikamwambia nipangie ile dauni ya Ijumaa. Akapanga visoda vyake haraka sana, kila mmoja na njia yake, anachora kwa kidole. Nikamwambia sasa wapinzani. Akapanga wale wanne wa mbele. Akapanga lainibeka wawili waliomwangusha. Mabeki wa pembeni. Halafu akabaki na maharage matatu mkononi, ameyashika, anaitazama meza.

Nikamuuliza hao walikuwa wapi. Akasema, "Baba, sijui. Sikuwaangalia."

Nikawasha video tukatafuta pamoja. Wawili walikuwa kwa wapokeaji wa ndani. Wa tatu, beki wa mwisho, alikuwa amemsogelea mkimbiaji wetu. Katikati ya uwanja, nyuma, hapakuwa na mtu. Mpokeaji wetu wa ndani, kijana mfupi mwenye mbio, alikuwa anakabwa na lainibeka wa 3, yule mzito. Nahodha, huyo ndiye Nat Moore wetu. Alikuwa pale na hakuna aliyemwona, hata mimi niliyeirudia video hiyo wiki nzima.

#27 NahodhaWaLamu
Hapo sasa! BabaTatu, mfundishe jambo moja tu: kabla ya snepu atafute beki wa mwisho. Kama yupo mmoja katikati, nyuma ya wote, slanti na njia za kukata ndani ni hatari, anazisubiri huko. Hapo atupe kuelekea nje, karibu na mstari wa pembeni. Kama katikati hapana mtu, ndani ni shamba la bure. Hilo la nje au ndani linaamuliwa na mtu mmoja huyo.

#28 Kitasa
Na amwonyeshe senta kwa kidole ni lainibeka yupi wa kuhesabiwa. Senta akijua, ukuta mzima unateleza upande huo. Hili halina gharama, ni kidole tu.

#29 MamaWawiliTX
BabaTatu, na yule mfupi apishwe na mwenzake. Msimsahau. Na jamani lile bonge la nyasi kwenye helmeti limenikaa. Mwambie shangazi yake wa Texas anamsalimia.

#30 MkongoIowa
Ndugu, na mtoto akichoka kufundishwa mpikie. Dada yangu anasema blitzi zinaumiza zaidi tumbo likiwa tupu.

#31 BabaTatu
Mrejesho wa mechi ya Ijumaa.

Robo ya pili, dauni ya 3, yadi 8. Wakasogea sita. Nilimwona anageuza kichwa, kushoto, kulia, katikati. Akamnyooshea senta kidole. Mpokeaji wa kulia akaja ndani, akapishana na yule mfupi, karibu kweli, lainibeka akamgonga mwenzake na akapiga goti. Hatua 3, mpira ukatoka. Mfupi akaudaka akikimbia na hakuna aliyemgusa mpaka mwisho, yadi 40 na zaidi. Nilipiga kelele kwa Kiswahili, majirani zangu jukwaani wakageuka wote.

Robo ya nne tunahitaji pointi 4, dauni ya 3 tena. Wakasogea sita vilevile. Akaangalia vilevile. Katikati hapakuwa na mtu. Akatupa palepale, kwa mfupi yuleyule, na mtu wa ulinzi akautokea mpira kutoka nisikokuona. Akaudaka kifuani. Tukapoteza.

Usiku hakutaka kula. Saa 5 akaja sebuleni mwenyewe na mfuko wa visoda.

#32 Mzee_wa_Rekodi
Ni yale ya Flores niliyoyasema #24. Mmoja wa wale sita alirudi nyuma.

#33 NahodhaWaLamu
Au beki wa pembeni alimwacha wake akaingia ndani kwa kuwa alishaona mchezo huo robo ya pili, kama Butler. Njia zilikuwa zilezile?

#34 Kitasa
Aliyerudi nyuma, kama alirudi, alikuwa anasimama wapi kabla ya snepu? Juu ya gadi, yule wa ukuta aliye pembeni mwa senta, au nje ya takoli, yule wa mwisho wa ukuta? Ni mambo mawili tofauti.

#35 BabaTatu
Kwenye video kichwa cha mzazi wa mbele yangu kimeziba upande wa kushoto. Mama wa senta alikuwa anarekodi kutoka ng'ambo. Nimemwandikia, nasubiri anitumie.